Koti Langu Limeingia Chama

Jamaa zangu, leo nimepigiwa makofi kwa sababu ya kuvu!

Mnalijua koti langu jeusi, lile linalowanyima usingizi.
Asubuhi nalitoa msumarini, mgongo mzima umeota kijani. Ukuta wa chumba nilichopanga unatoka jasho kuliko mimi kwenye shamba la ujamaa. (Huko najificha, lakini tuyaache.)

Nikamwita Mzee Shemweta, mwenye nyumba, ambaye pia ndiye balozi wetu wa chama wa nyumba kumi.
"Shikamoo mzee. Tazama kuvu hii. Ukuta unataka chokaa."
"Marahaba. Nyumba yangu kavu! Unyevu ni pumzi zako. Unalala mdomo wazi."

Sina koti jingine. Nikalivaa hivyo hivyo kwenye mkutano wa chama.

Mgeni wa chama kutoka Tanga akanisimamisha.
"Mtazameni kijana huyu! Nyeusi na kijani, rangi za chama! Unakaa wapi, ndugu?"
"Kwa balozi, ndugu. Nyumba yake ndiyo iliyolitia rangi."
Makofi!
"Basi leo nitalala chumbani kwako."
Mzee, aliyekaa safu ya mbele, akaitikia karibu. Angekataaje mbele za watu?

Sasa hivi, ninapobandika karatasi hii mlangoni kwa kinyozi, Mzee yuko chumbani kwangu anapaka chokaa, kofia yote nyeupe. Asiyeamini akachungulie, kisha aandike hapa chini.

Alinibembeleza, "Mwanangu, shika brashi, jua linazama!"
Nikamwambia, "Mzee, usijisumbue. Mwambie tu mgeni alale amefunga mdomo."