Mchanga Ndani ya Manyoya

Mara ya kwanza Wilbert Etsitty kununua manyoya ya kondoo kwa Yanabah Attakai, alinunua na mchanga. Aligundua akiwa tayari mjini, gunia lilipokung'utwa ukamwagika mchanga mwekundu wa kujaza ndoo. Aliporudi kulalamika, mama yule alikuwa anafuma zulia, hakugeuza hata shingo.

"Kondoo wangu wanalala chini, mwanangu. Wako wanalala kwenye godoro?"

Alimwita mwanangu kwa haki. Wote wawili walikuwa wa ukoo wa Maji Machungu, na kwa Wanavaho, kabila lao la wenyeji wa Amerika, mwanamke wa ukoo wako aliyekupita umri ni mama yako, utake usitake. Wilbert aliliogopa neno hilo, maana mama habishiwi bei. Tangu siku ile kila gunia la Yanabah alilizamishia mkono hadi kiwiko kabla ya kulipima, na mchanga hakuukosa, naye Yanabah hakubandua jicho kwenye kidole gumba cha Wilbert kilichokaa karibu na mizani, kisije kikamwibia uzito. Wakafanya biashara miaka kumi na moja, bila kugombana na bila kuaminiana.

Mwaka wa kumi na mbili Wilbert akaja bila mizani. Alikuja na kisanduku cha vichupa vya plastiki na karatasi ya makubaliano.

Mtafiti mmoja wa chuo cha mbali alikuwa anatafuta mate ya wazee. Alitaka kuchunguza vinasaba, aone koo za pale zimetoka wapi na zina undugu gani na makabila mengine ya asili. Wazee walimfungia milango. Ndipo akamwendea Wilbert: niletee mate ya wazee arobaini, lori hili la kazi litakuwa lako. La Wilbert liliwaka kwa kusukumwa. Akakubali, akaanza na Yanabah kwa sababu aliwajua watu wake. Akitema yeye, wengine watatema. Akikataa, hakuna haja ya kuchoma petroli.

Yanabah alimsikiliza huku akichana nywele kwa brashi yake ya nyasi. Alipomaliza, alikusanya zilizonasa, akazivingirisha kidoleni, akafungua mlango wa jiko akazitia motoni. Alifanya hivyo kila siku ya maisha yake. Kitu cha mwili wako hakiachwi kizagae, hujui ataokota nani na ana nia gani.

"Umeona nilichofanya?"

"Nimeona, mama."

"Na bado umekaa."

"Hii ni sayansi, mama. Watatuambia tulikotoka."

"Mimi nilikotoka napajua. Kitovu changu kimezikwa pale zizini. Au ni wewe uliyepotea?"

Wilbert akacheka, akajaribu mlango mwingine. "Wanataka kujua kama sisi na wale wa kaskazini kwenye theluji ni ndugu."

"Basi waanze na hao wa kaskazini." Akajimiminia kahawa, hakumkaribisha. "Mate yakishachunguzwa, yanarudi?"

"Nadhani yanarudi."

"Nadhani! Ukija kununua manyoya unasema nadhani? Karatasi hiyo. Soma."

Wilbert alikuwa amepokea karatasi ile bila kuisoma, yeye wa kuzamisha mkono hadi kiwiko. Sasa akaanza kuitafsiri polepole. Ukurasa wa pili ulisema mate yatahifadhiwa bila kikomo, yanaweza kupewa watafiti wengine kwa kazi nyingine, na mwenyewe hataulizwa tena. Akaruka.

"Umeruka," Yanabah akasema. "Macho yameshuka, mdomo haukushuka."

Akarudi akausoma.

"Wewe umeshatema yako?"

"Wanataka wazee, mama."

"Una miaka hamsini na minne na meno sita. Tema."

Wilbert alikitazama kichupa. Hakuwa na hamu hata kidogo, na Yanabah aliona anavyosita. Lakini lori lilikuwa lori. Akatema, akafunika.

"Haya, zamu yako, mama."

Yanabah akakichukua kile chenye mate ya Wilbert, akakigeuza mbele ya mwanga wa dirisha, akafungua jiko akakitupa ndani. Plastiki ikanuka nyumba nzima.

"Mama! Kile kina namba!"

"Mtoto wangu haachi vitu vyake ovyo. Au mama yako hapa ni nani?"

Vilibaki vichupa thelathini na tisa, na Wilbert alijua kufikia siku ya kuogesha kondoo, wafugaji wote wanapokutana, kila mtu angekuwa amesikia. Akavirudisha vitupu. Lori likapewa mtu mwingine, wa bonde la pili. Mate ya watu wa bonde lile yalikokwenda, Wilbert hakusikia tena.

Majira ya kunyoa alifika kwa Yanabah akisukuma lori lake lile lile. Akazamisha mkono kwenye gunia. Hakuna kitu. Akazamisha upande wa chini.

"Unatafuta nini?"

"Mchanga."

"Mwaka huu wamelala kwenye godoro."

Wilbert akazamisha mkono mara ya tatu. Kisha akalitundika gunia mizanini. Lilikuwa jepesi kwa ndoo nzima kuliko miaka yote, na hasara hiyo ilikuwa ya Yanabah. Akapima, kidole gumba akakitia mfukoni.