Oili Nyepesi ya Fundi Deodata

Saa kumi na mbili na ushei asubuhi. Jua la Julai bado linajivuta, na uwanja wa Biharamulo mjini umejaa watu waliojitanda mablanketi. Chini ya Peugeot 404 ya rangi ya udongo inaonekana miguu miwili tu, imevaa raba zilizotoboka. Mwenye miguu hiyo ni Deodata, fundi wa magari wa kijiji cha ujamaa huko Bisibo, na yuko chini pale akiipapasa kwa kidole nati ya kumwagia oili.

"Haivuji," anasema akitoka, huku akijifuta mikono kwa kipande cha gunia. "Mtu asiguse gari mpaka filimbi ilie."

Xavery, dereva wa kijiji, anarudisha mkono mfukoni. Anamjua huyu mama. Ukibishana naye kabla hajanywa chai umejitakia mwenyewe.

Haya ni mashindano ya magari ya mwaka 1981, kutoka Biharamulo hadi Ngara mjini kwa barabara ya vumbi. Washiriki si watu wa mbio. Kuna mwalimu na Volkswagen yake, kuna mwenye duka na Datsun, kuna dereva wa Land Rover aliyeomba ruhusa kazini. Kila mmoja amekuja na gari analofanyia kazi na atarudi nalo nyumbani, likiwa zima au likiwa linavutwa.

Bisibo hawakuja kutafuta sifa. Vita vya Kagera vimekwisha lakini maduka hayajapona, na kibali cha tairi wamekisubiri tangu mwaka juzi bila kukiona. Tairi za Peugeot hii zimekwisha kabisa, waya zinachungulia nje. Ni gari hili linalopeleka wagonjwa hospitali na pamba ya kijiji sokoni. Zawadi ya mshindi ni tairi nne mpya. Wakikosa, gari linawekwa juu ya matofali, na mjamzito wa Bisibo atarudi kubebwa kwa machela.

"Kwa hiyo siyo mchezo," ananiambia Deodata. "Nikiua injini tumekwisha. Nikikosa tairi tumekwisha vilevile."

Na injini aliwahi kuiua. Halifichi jambo hilo, wala kijiji kizima kisingemruhusu alifiche.

Bisibo ni watu wa mizinga. Asali pale hupimwa kwa kijiti: unachovya, unainua, unatazama uzi wake. Uzi ukishuka mnene bila kukatika, asali ni safi. Ukidondoka kama mvua, muuzaji ametia maji na aende zake. Mwaka jana, kabla ya mashindano, halmashauri ya kijiji iliipima oili ya injini kwa kijiti hichohicho. Oili nzito kuliko zote, ile ya trekta, ilishusha uzi mnene wa kupendeza, na wazee wakapiga makofi.

"Na mimi nilipiga makofi," anasema Deodata. "Baba yangu alikuwa mrina asali. Nilijua kizito ndicho kizuri, basi."

Asubuhi ya mashindano ilikuwa ya baridi kama hii. Xavery aliwasha, akakanyaga mafuta, akatoka mbio. Ile oili nzito ilikuwa bado imejikunyata chini ya injini, haijapanda, na huko juu chuma kikasuguana na chuma. Hawakufika mbali. Injini iligonga kama mtu anayepiga debe, kisha ikanyamaza. Gari lilivutwa na ng'ombe hadi kijijini, watu wakilitazama kama wanaosindikiza jeneza, na Deodata alihangaika kutafuta beringi hadi Pasaka.

Mwaka huu akasema imetosha. Alimwendea Bruda Pancras, anayetunza jenereta za misheni, akamwuliza wenye kushindana kwa magari huko duniani wanatumia nini. Bruda akamtolea makopo aliyoachiwa na mgeni mpenda mbio aliyepita akielekea Kigali. Ilikuwa oili ya sintetiki, iliyoundwa maabara badala ya kuchujwa tu kutoka mafuta ghafi. Bruda alimwambia inapanda haraka injini ikiwa baridi, na haiishi nguvu injini ikichemka.

"Akaniambia pia ubaya wake," anasema Deodata. "Kwamba ni nyepesi, inaweza kutafuta pa kutokea kwenye sili za zamani, ile mipira ya kuzuia oili isivuje. Nikabadilisha sili zote kabla ya kuthubutu."

Bruda hakutaka fedha, alitaka asali. Deodata akatoa debe zima la asali ya kijiji. Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Novatus, ana mizinga mingi kuliko mtu yeyote Bisibo. Alifungua kopo moja, akachovya kijiti, akainua. Oili ikachuruzika yote kabla hajakikunja kipaji cha uso.

"Ndugu Fundi," alisema, "umetoa asali yetu ukaletewa maji ya rangi?"

"Shikamoo, Mzee," alijibu Deodata.

"Marahaba. Sijakuuliza salamu."

Mkutano uliitishwa asubuhi, umande ukiwa bado mzito. Deodata aliegemeza bati kwenye ukuta, akamimina juu yake kikombe cha oili ya trekta na kikombe cha sintetiki. Ile nyepesi ilifika chini palepale. Ile nzito ilikaa juu ya bati ikisinzia.

"Injini ikiwaka inataka oili sasa hivi," alisema. "Mwaka jana ilikuwa bado inakuja."

"Na ikichemka?" aliuliza Mzee Novatus, maana hakuwa mjinga. "Hayo maji yako yatabaki?"

Deodata akaweka masufuria mawili motoni. Watu wa asali hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Wote wanajua asali nzito ikipata moto inavyolegea. Oili ya trekta ililegea hivyohivyo, na kijiti kikashusha matone. Ile nyingine ilibadilika kidogo tu. Wazee wakatazamana. Hata hivyo Mwenyekiti hakukubali kuhatarisha gari kwa ushahidi wa sufuria.

Ndipo aliposimama Restuta, kiongozi wa kikundi cha akina mama, ambao wana mashine ya kusaga inayotumia petroli. Katika nyumba za huku, pombe ikiletwa kwa mgeni, mwenye nyumba huionja kwanza ili mgeni anywe bila wasiwasi.

"Basi sisi tunaonja," alisema Restuta. "Tumiminie kwenye mashine yetu. Ikifa, imekufa ya kwetu, na ninyi wanaume mtakula mtama mzima kama kuku."

Walicheka hadi Mzee Novatus naye akacheka. Mashine ya akina mama ilisaga kwa oili ile kuanzia wiki hiyo hadi mkesha wa mashindano, haikutoa moshi, haikugonga. Deodata anasema hakulala vizuri siku zote hizo. Kila mashine ilipozimwa alidhani imekufa.

Filimbi inalia. Deodata anaketi kushoto kwa Xavery, kwa sababu fundi anaruhusiwa kuwamo. Ufunguo unazungushwa, taa nyekundu ya oili inawaka, na kabla hajamaliza kusema "Yesu Maria" imezimika: oili imeshapanda. Anampiga Xavery begani. "Nenda!"

Yaliyofuata yanasimuliwa Bisibo kila jioni, na kila msimuliaji anaongeza chake. La hakika ni kwamba Datsun iliwaacha mapema ikawatimulia vumbi, na Land Rover ikawapita kwenye mchanga. Kwa tairi zile Xavery hakuthubutu kukata kona kwa kasi. Matumaini yao yote yalikuwa kwenye kilima cha mwisho, kile cha kupanda kuingia Ngara mjini, ambako injini iliyochoka husema ukweli wake.

Kilimani waliikuta Datsun imefungua boneti, inatoa mvuke. Land Rover ilikuwa ikipanda kwa kujikongoja, dereva wake ameogopa kuikanyaga zaidi. Xavery naye akaanza kulegeza mguu, kwa kukumbuka mwaka jana.

"Usiache!" alipiga kelele Deodata. "Taa haijawaka! Kanyaga, baba, hii injini inapumua!"

Akakanyaga. Wakaipita Land Rover huku tairi moja ikichanika vipande, wakaingia Ngara mjini wakiyumba kama walevi wa harusi, wa kwanza. Deodata alishuka, akafungua boneti, akavuta kijiti cha kupimia oili. Ilikuwa pale pale ilipokuwa asubuhi, haikupungua wala kunuka kuungua. Alikaa chini barabarani akalia kwa sauti, mbele za watu, bila aibu hata chembe. Wanawake wa Ngara wasiomjua walimpigia vigelegele.

Tairi mpya zilifungwa kulekule, na Deodata ndiye aliyekaza kila nati. Waliporudi Bisibo, Mzee Novatus alilizunguka gari, akabonyeza kila tairi kwa kidole gumba, kisha akatangaza kwamba debe jingine la asali litapelekwa misheni, na safari hii alichague Fundi mwenyewe.

Nilipomwuliza Deodata anataka nini baada ya hapa, hakufikiri sana. Magari yote ya kijiji yamepita mikononi mwake, lakini leseni hana. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba fundi mwanamke angeihitaji. Sasa halmashauri imempitisha aende kufanya mtihani mwezi wa tisa, na Xavery anamfundisha kila jioni kwenye barabara ya shamba la pamba.

"Mwakani usukani ni wangu," anasema. "Xavery atakaa kushoto, atazame taa ya oili."

Xavery, aliyekuwa akiosha kioo, anainua kichwa. "Nitaitazama," anasema. "Lakini asinipigie kelele."

"Nitakupigia," anajibu Deodata, na kurudi chini ya gari.