Mama Pasi na Kioo cha Juani

Uchafu na Mama Pasi walikuwa maadui wa tangu na tangu. Dobi huyo angekufulia shati mpaka ulikane mwenyewe, na masufuria yake ungeweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Majirani walimtania kwamba siku moja ataanika hata kuku kambani. Aliwajibu kuwa ataanza na midomo yao.

Adui wa maadui lakini lilikuwa vumbi la machimbo ya mawe, nyuma ya nyumba yao. Mumewe alilivuta miaka yote aliyoponda kokoto, likamkaa kifuani, na sasa alipumua kwa mashine ya oksijeni, mpira puani. Umeme wa nguzo nao una maringo, huja ukijisikia. Jenereta la kuazima lilimpa pumzi kwa mkono mmoja, likamfukiza moshi kwa mwingine. Ndipo watoto wao walioko mbali wakachanga, fundi akafunga paneli ya sola juu ya bati na betri kubwa chini ya kitanda.

Jamani, nyumba ilipata uhai! Mashine ikanguruma kutwa kucha bila kumwomba mtu ruhusa. Jenereta likarudi kwa mwenyewe, moshi ukaisha, mgonjwa akaanza kula na hata kumchokoza mkewe. Jua halina moshi wala maringo, alisema mzee.

Fundi aliacha agizo moja tu: paneli isikae na vumbi. Lifutwe kwa kitu gani, hakusema. Kuuliza si ujinga, lakini nani amfundishe dobi kusafisha? Kila asubuhi Mama Pasi alipanda ngazi na ndoo yake, mchanga laini na waya wa masufuria, akasugua huku akiimba. Vumbi lile alilichukia kutoka moyoni, na aliisugua paneli kwa chuki hiyo yote.

Yakaja majira ya mawingu. Dhoruba ikaangusha nguzo, umeme ukapotea mtaa mzima, na betri ikawa haijai. Mashine ilipoanza kulia, Mama Pasi alimpigia fundi simu, kisha akapanda kusugua kwa nguvu zaidi, maana kwake lolote lisilofanya kazi limechafuka.

Fundi alimkuta huko huko juu. Akapitisha kiganja kwenye kioo cha paneli. Kilikuwa cheupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho.

"Mama, unakisugua kwa kitu gani?"

"Mchanga. Sijakosa hata siku moja."

Fundi akamwambia ukweli, kwamba kioo kizima kingemtosha mzee hata kwa mawingu haya, ila hiki kimechubuka, hakipitishi jua. Hajamaliza, mngurumo wa mashine ukakatika chini ya bati. Aliruka chini akakimbilia dukani kwake kuchukua betri nyingine.

Mama Pasi alishuka ngazi, mchanga bado umemganda vidoleni. Aliificha mikono ndani ya khanga, akaketi kitandani.

"Nilikusikia ukisugua," mumewe alisema, neno moja moja. "Imetakata?"

"Imetakata, baba watoto."

Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

Fundi aliporudi mbio, betri begani, kifua cha mzee kilikuwa hakipandi tena wala kushuka. Alimkuta Mama Pasi akimtoa mumewe mpira puani, polepole, asije akamwamsha.