Hewa Nayo ni Springi

Harufu ya oili ilikuwa bado imeganda kwenye koti la baba asubuhi ile tulipoondoka kijijini kwetu, milimani juu ya Same, yeye mbele na kifurushi cha nguo, mimi nyuma na sufuria, bila hata mmoja wetu kujua tunakwenda wapi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba. Maji yalisikika yakikimbia mferejini kutoka kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na jogoo wa jirani alikuwa ameanza kuwika. Nilikuwa darasa la sita na mama alikwisha fariki. Sikuuliza kitu, kwa sababu nilijua kwamba baba hawezi tena kuishi pale, na nilijua kwa nini.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, baba ndiye aliyeendesha pikipiki ya kijiji. Ilikuwa kuukuu, lakini ndiyo iliyowateremsha wagonjwa hospitali, maana masika gari halikupanda kwetu. Shokapu zake za mbele zilikuwa zimechoka. Ukishika breki kwenye mteremko inainama kama ng'ombe anayekunywa maji, chuma kinagonga chuma, na abiria anakurukia mgongoni. Kwa hiyo mvua zilipokaribia tuliipeleka gereji ya Same. Nilichuchumaa karibu na fundi na kumuuliza kila kitu, mpaka akamwambia baba, "Mzee, binti yako huyu atakuja kuninyang'anya kazi." Alichomoa springi zote mbili, ndefu kama mkono wangu, akazisimamisha sambamba juu ya benchi. Moja ilikuwa imepungua kimo, akaiwekea washa nene, pete ya chuma, ya kuikalia juu. Akamwaga oili ya zamani, nyeusi, yenye harufu ya samaki aliyechacha. Kisha, springi zikiwa bado nje, akazikandamiza shokapu mpaka chini kabisa, akamimina oili mpya polepole, akitumbukiza spoku ya baiskeli kupima kina, huku na huku, mpaka pande zote zikalingana. Nafasi ya kiganja kizima na zaidi ikabaki tupu juu.

"Mbona hujajaza?" baba akauliza.

"Hiki si kibuyu cha dengelua, mzee! Hapo juu panakaa hewa. Hewa nayo ni springi."

Baba alicheka, lakini hakusadiki. Oili ilikuwa adimu siku zile, na kila mwenye kitu adimu alidhaniwa anaficha kingine chini ya meza. Tena kulikuwa na malezi. Nyumbani kwetu dengelua, pombe yetu ya miwa, maziwa, hata uji, vilijazwa mpaka mdomoni mwa chombo. Bibi alisema nusu kibuyu unampa mgeni unayetaka aondoke. Kumpimia mtu pungufu ilikuwa aibu kuliko kumnyima. Basi tulipofika nyumbani baba akafungua vifuniko vya juu, akachukua oili ya mashine ya kusaga ya kijiji, akazijaza shokapu zote mbili mpaka zikang'aa mdomoni. "Sasa imekula ikashiba," akasema, akijipangusa mikono kwenye koti. Hakufanya hivyo kwa ujeuri. Aliitendea pikipiki kama alivyotendewa yeye.

Wagonjwa wa kwanza wangeteremka na pikipiki iliyoshiba. Bahati mbaya, wa kwanza alikuwa Mama Elinami, jirani yetu, mjamzito aliyeanza kuumwa kabla ya wakati wake. Kwenye kona ya mawe pikipiki, isiyo tena na nafasi ya hewa, ilikataa kuinama hata kidogo. Gurudumu likaruka jiwe hadi jiwe kama mbuzi, oili ikapenya kwenye sili, mipira inayoizuia, na kuchuruzika, wakaanguka wote wawili. Watu walimteremsha kwa machela, wakipokezana mabega. Alipona. Mtoto hakupona. Pikipiki ilirudishwa gereji, na fundi alipofungua kifuniko, oili ilimrukia usoni. Alitazama chini, hakutania. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu lile halikuwa la baba.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomshinda. Wanawake walituletea makande ya moto. Mume wa Mama Elinami alikuja, akakaa, akasema, "Pole, ndugu yangu. Hata wewe umeumia." Baba hakuweza kumtazama. Kesho yake alfajiri aliacha ufunguo wa pikipiki ofisi ya kijiji na kuniamsha.

Lori la mkonge lilitubeba hadi Mwanga, kisha tukatembea nyanda za joto na vumbi, tukipishana na ng'ombe wa wafugaji, mpaka matete ya Ziwa Jipe yakajitokeza na maji nyuma yake. Mama mmoja aliyekuwa akibanika perege alitutazama.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kwa nani?"

"Hatuna mtu," baba akajibu.

"Hakuna anayekuja hapa bila mtu. Umefanya nini huko?"

Baba alitua kifurushi cha nguo chini. "Nilimwangusha mama mjamzito. Mtoto amekufa."

Yule mama aliwageuza samaki wake, mmoja mmoja. "Basi kaeni," akasema. "Kesho nitakupeleka kwa balozi wa nyumba kumi, na utamwambia hayohayo. Binti alale ndani na wanangu."

Baba alikesha nje. Mimi nililala fofofo, tumbo limejaa samaki, sauti za viboko ziwani zikinibembeleza, na jambo la mwisho nililowaza ni kwamba sijawahi kuona mahali pazuri hivi. Shule sikurudi tena. Nimezunguka nchi hii tangu wakati huo, na sasa nina umri mkubwa kuliko wa baba siku ile. Kule kwetu vijana hupandisha abiria kwa bodaboda mpya, na barabara imechongwa. Lakini kila ninapoingia mji nisioujua na kupewa chumba, furaha ile ya Jipe hunijia kwanza. Mama Elinami huja baadaye.