Msomaji wa Tarakimu

Kila asubuhi huko Al Khoudh, mhadhiri mstaafu wa kemia hufungua kitabu anachokiandika, cha kulinganisha uzalishaji wa spiriti ya viwandani wa Ujerumani na wa Ufaransa, mwaka kwa mwaka. Marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akimsomea tarakimu kutoka kwenye majedwali, naye mzee akiandika kwa penseli. Tangu mkewe azikwe, mzee hutaja mwaka kwa sauti, akakitazama kiti chake kitupu.

Leo binti yake, Khawla, alikikalia.

“Nikusomee, baba?”

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Khawla akasoma mstari mzima, lakini penseli haikusogea.

“Polepole, mwanangu,” alisema mzee. “Mamaako hakuwa na haraka.”

Khawla akaanza upya, ila tarakimu hakuziona tena kwa machozi.