Mnong'ono wa Mjomba

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, na nguvu yake yote ilikuwa kwenye kunong'ona. Asiyejua ngoma zetu atacheka. Acha acheke. Kwetu Usukumani, pamba ikishauzwa, vikundi viwili hukutana kwenye uwanja mmoja, kimoja huku, kingine kule, vinacheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wanakwenda wanakotaka. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi, na dume la ng'ombe ni lake. Basi mjomba alikuwa akianza kwa nguvu, ngoma zote zikilia, halafu ghafla ananyanyua mkono. Ngoma zinanyamaza. Anaimba peke yake, taratibu, sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Wa nyuma hawasikii, wanasogea. Wa upande wa pili wanaona wenzao wameinama na kutega masikio, nao wanavuka kuja kusikia kuna nini. Akishawajaza, anashusha mkono, na ngoma zinapasuka kwa pamoja hadi unazisikia tumboni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mjomba alikuwa amejaza zizi kwa kimya hicho.

Mimi nilikuwa narekodi kaseti mjini Bariadi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, na tajiri wangu, mzee mmoja Mwislamu ambaye watu wake walitoka Kondoa, alikuwa ameleta mitambo ya kurekodia akaiweka kwenye chumba kidogo karibu na stendi. Mimi ndiye niliyekuwa naiendesha. Msichana wa Nkololo anakaa mbele ya taa za kijani na nyekundu zinazopanda na kushuka, nani atamwambia kitu? Kichwa kilinivimba, nasema kweli.

Mjomba nilimrekodi mwenyewe, nyumbani kwake Nkololo, kwa betri ya gari. Aliponong'ona, taa moja tu ya kijani iliwaka, inazima, inawaka. Ngoma zilipopasuka, taa zote zikaruka hadi nyekundu. Nilisisimka mwili mzima. Hiyo ndiyo kaseti tuliyouza mwanzoni.

Wiki haikuisha, zikaanza kurudi. Makondakta wa mabasi walisema kaseti yangu mbovu, katikati inazimika, halafu inawashtua abiria. Wa mashine ya kusaga alisema vivyo hivyo. Niliwaambia haizimiki, mtu ananong'ona, tulizeni masikio. Wakadai hela zao. Ndani ya basi na injini yake, nani atasikia mnong'ono?

Tajiri akanionyesha kitufe kwenye mtambo ambacho sikuwahi kukigusa. Ukikibonyeza, mtambo wenyewe unainua sauti ndogo na kukandamiza kubwa mpaka zote zinakaa usawa mmoja. Nikabonyeza. Nikarekodi upya wimbo wote kutoka kaseti ya kwanza, na zile taa zilipanda hadi karibu na nyekundu zikaganda hapohapo, mwanzo mpaka mwisho. Mnong'ono ukawa mkubwa sawa na ngoma. Tajiri akafurahi. Kaseti ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa ya aina nzuri, akaniambia nirekodi juu yake muziki wa watu wengine, pamoja na zile zilizorudishwa. Nikarekodi, wa mjomba ukafutika. Sikusita hata kidogo, na mpaka leo hilo linanikera kuliko yote.

Kaseti mpya iliuzika ajabu. Stendi, sokoni, mpaka Maswa huko. Mjomba hakuwa na redio, lakini salamu zilimfikia, naye alikuja dukani na kibuyu cha maziwa ya mgando kunishukuru. Alisema sasa jina lake linafika asikofika kwa miguu yake. Nikayanywa yale maziwa.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili mashindano yafike. Siku moja nikapishana na mabinti wanaotoka kusaga, debe kichwani, wanaimba wimbo wa mjomba. Walipofika penye mnong'ono hawakushusha sauti. Waliupiga kwa kelele, maneno yote, neno kwa neno. Nikasimama barabarani. Nikaelewa nilichofanya.

Nilimwambia tajiri tusimamishe kuuza. Akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Mtu anakataa kutangaziwa ngoma yake? Nikajiambia nitakwenda Nkololo kumwambia mjomba. Jumapili ya kwanza nikasema kuna jua kali. Ya pili nikasema nguo hazijakauka. Uoga mtupu. Ningemwambiaje, na yale maziwa nimekunywa?

Siku ya mashindano nilikuwa uwanjani kabla ya watu. Sikula kitu. Wenzetu wa upande wa pili walikuwa na chatu wa kucheza naye, na kila mtu alijua watamtoa jua likianza kuinama. Ndiyo saa ambayo mjomba alikuwa akiitunzia mnong'ono wake. Mpaka hapo watu walikuwa nusu kwa nusu, labda sisi tumezidi kidogo.

Chatu akatoka. Watu wakaanza kusogea kule. Mjomba akanyanyua mkono, ngoma zikanyamaza, akafungua mdomo.

Vijana wote wakaimba naye. Kwa kelele, kama mabinti wale, kama kaseti. Sauti yake sikuisikia hata mimi niliyekuwa hatua kumi kutoka kwake. Akanyanyua mkono wa pili kuwanyamazisha. Wakadhani anawachochea, wakaongeza. Niliwafokea wale waliokuwa karibu nami, nikamsukuma mmoja, akacheka. Upande wa pili hakuna aliyevuka. Avukie nini? Maneno anayajua, na hata akibaki kule anayasikia. Mjomba alishusha mkono, ngoma zikapigwa kwa nguvu zao zote, na hazikumshtua mtu, kwa sababu hapakuwa na kimya cha kupasua. Jua lilipozama tulikuwa wachache kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kutuhesabu.

Wachezaji wake wakasema ni dawa. Dawa ya wenzetu imemfunga sauti, au kuna mmoja wetu aliyeivujisha ya kwetu. Walianza kuangaliana kwa jicho baya, na mjomba akaamua kumpelekea mganga mtamba wake mmoja ili aambiwe ni nani. Niliposikia hivyo sikungoja Jumapili. Nilibeba redio kaseti ya dukani nikaenda Nkololo asubuhi, nikamkuta anamfunga mtamba kamba.

"Mwangaluka, mjomba," nikamsalimia, na kabla hajanikaribisha nikamwambia aache ng'ombe, hakuna dawa, asikilize kwanza.

Tukakaa. Nikawasha. Alikuwa hajawahi kuisikia kaseti ile. Alisikiliza mwanzo akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ilipofika penye mnong'ono akasogeza sikio, halafu akarudi nyuma.

"Hapa mimi nanong'ona," akasema. "Huyu anayepiga kelele ni nani?"

"Ni wewe, mjomba."

Nikamweleza kitufe. Nikamweleza mabasi, mashine ya kusaga, kila kitu, huku nalia. Hakunifokea. Aliniuliza iko wapi ile ya kwanza, tuliyorekodi hapa. Nikasema nimeifuta. Akainuka akamfungua mtamba kamba.

Mwaka uliofuata mjomba alikodi spika za honi na betri mbili za gari. Aliimba kwa kelele tangu ngoma ya kwanza mpaka jua linazama, mishipa ya shingo imesimama, na mkono hakunyanyua hata mara moja. Watu walimjaa. Chatu wa wenzetu alibaki na watoto. Walipomkabidhi dume, nilipita katikati ya watu nikaenda kumpongeza, na nilikuwa na furaha ya kweli. Nilidhani tumemaliza, deni langu limekwisha.

Alikuwa amekaa chini, anakunywa maji. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Ng'wanone," akasema, mwanangu, "leo ulinisikia?"

"Nilikusikia sana, mjomba. Nilianza kukusikia tangu kule barabarani."

Akafuta mdomo kwa kiganja, akaniangalia.

"Basi hukuwa na haja ya kusogea," akasema. "Ungeishia hukohuko barabarani."