Kisogo cha Deiver

Mtaani Olaya, katika mji wa pwani, upande ule unaopakana na kinamasi, mtu kutajwa ndani ya wimbo ni jambo zito kuliko kuolewa. Mama yake Yuranis, Edilsa Cassiani, alitajwa mara moja tu, enzi za usichana wake, na mwimbaji wa champeta, muziki wa dansi wa huko, aliyekuwa mteja wake wa arepa za yai, ile mikate ya mahindi anayoikaanga na yai ndani: "Na salamu kwa Edilsa wa pale kona, mwenye mafuta ya moto!" Basi. Tangu siku hiyo, kila piko la mtaani, yaani mtambo wa spika kubwa za kupigia muziki, likiupiga wimbo ule, watu wanageuka kumtazama, naye anainua kijiko chake cha kukaangia juu kama malkia.

Yuranis alikuwa na miaka kumi na saba, yuko darasa la mwisho, na hajawahi kutajwa popote. Alikuwa binti mrefu, mkimya, mwenye macho ya kutulia juu ya kitu mpaka kitu chenyewe kione aibu. Kazi iliyompa heshima mtaani ilikuwa kuhariri video: ubatizo, sherehe za mabinti kufikisha miaka kumi na mitano, mazishi pia. Na alikuwa na tabia moja iliyojulikana kwa wachache: hasahau. Kuna msichana aliwahi kumbandika ubani wa kutafuna kwenye nywele walipokuwa wadogo. Miaka ikapita, Yuranis akapewa video ya sherehe ya yule msichana aihariri, na katika video nzima, kila mara binti huyo wa watu alipokaribia kutabasamu, picha ikahama. Alibaki anaonekana akitafuna keki tu. Familia ikamshukuru sana.

Mwaka huo, Mwalimu Nubis wa sanaa aliwapa kazi ya kumalizia shule: watengeneze video ya wimbo wao wenyewe, pamoja na mabango na jalada la kuutangaza, vyote vionyeshwe ukumbini mbele ya wazazi. Na ili wasilete mzaha, alimwalika Mzee Eligio aje na piko lake. Piko hilo linaitwa Nge. Spika zake zikipangwa zinapita urefu wa mlango, na mbele amechorwa nge wa kijani aliyesimamisha mkia. Nge akiupiga wimbo wako, umeshakuwa mtu.

Mwimbaji hakupigiwa kura. Deiver Salgado alikuwa na sauti, alikuwa na meno mazuri, na alikuwa na habari kwamba anavyo vyote viwili. Siku moja kabla ya kurekodi alikwenda kwa kinyozi, akachorwa radi kisogoni kwa wembe.

"Yura, mrembo wangu," akamwambia Yuranis, "wewe ndiye macho yangu. Nitakutaja humo mpaka ukimbie."

"Kweli?"

"Naapa kwa mama."

Sasa, Yuranis alijua hasa maana ya kuambiwa vile. Usiku hakulala vizuri kwa furaha, na asubuhi alifanya kazi kama punda. Sokoni Bazurto, palipojaa watu hadi huwezi kutembea na simu mkononi bila kugongwa, aliomba mkokoteni wa muuza ndizi, akapanda, akakaa juu ya mikungu, mwenzao mmoja akausukuma huku yeye akimrekodi Deiver anayekwenda mbele akiimba. Wauza samaki wakacheka, bibi mmoja mwenye beseni la mihogo kichwani akaanza kukata kiuno bila kulishika beseni. Yuranis alivinasa vyote. Walirekodi darajani, walirekodi juu ya paa la shule, walirekodi kwenye mikoko ambako alizama matopeni hadi magotini ameinua simu juu kama mtoto mchanga.

Kisha Deiver akamletea wimbo wenyewe, umeshakamilika, aupatanishe na midomo.

Yuranis aliusikiliza darasani, visikilizi masikioni. Sehemu ya salamu ilipofika, akaongeza sauti. Deiver alimtaja Mwalimu Nubis. Akamtaja kinyozi. Akawataja wenzao darasani mmoja mmoja, akamtaja muuza barafu, akamtaja Tobi, mbwa wa getini. Ngoma ikaendelea. Yuranis akairudisha nyuma, akasikiliza tena, kwa sababu pengine alipepesa masikio. Hapana.

Deiver alikuwa nje na wenzake wanapaka mabango kwa brashi pana, herufi za rangi ya chungwa zenye kivuli cheusi, kama wafanyavyo wapaka mabango wa sokoni. Bango la juu lilikuwa bado bichi: MWIMBAJI, MTUNZI, MWONGOZAJI NA MHARIRI: DEIVER SALGADO.

"Deiver, umenisahau."

"Wapi tena?"

"Kwenye majina. Umemtaja hadi mbwa."

"Ah, Yura! Mbwa ana jina bwana. Tobi! To-bi! Linadunda. Lako sasa... Yu-ra-nis. Nimejaribu, haki ya Mungu, halikai kwenye mapigo."

"Linakwama kooni kama mwiba wa samaki!" akadakia mmoja, na wote wakaangua kicheko, wale wale aliowarekodi vizuri kuliko walivyo.

"Na hilo bango?"

Deiver akafuta brashi taratibu. "Tusidanganyane, mrembo. Wimbo wangu, sura yangu. Wewe si unabonyeza tu?"

Yuranis akaitazama rangi ya chungwa ikitiririka kidogo chini ya herufi ya mwisho. "Kweli," akasema. "Nabonyeza tu."

Akaenda nyumbani kubonyeza.

Alifanya kazi hiyo kwenye laptopu ya binamu yake, mchana, baada ya shule, feni ameielekeza kwenye laptopu ili isizimike kwa joto, mwenyewe anatiririka jasho. Mpango wake ulikuwa mwepesi kuuelewa na mgumu kuutenda: umenifuta jina, nami nakufuta sura. Akaanza kukata. Deiver anatembea sokoni: kisogo, radi, sikio lenye tone la jasho. Deiver anaanza kugeuka: kata, bibi wa beseni. Deiver darajani: viatu, vidole vinavyogonga chuma. Anainua uso: kata, kinda la ndege mikokoni limefungua mdomo, na sauti ya Deiver inatokea hapo hapo kama vile kinda ndilo linaloimba. Hapo alicheka peke yake mpaka mama yake akamwuliza kama anaumwa.

Ila jambo moja lilimkera. Alitaka video iwe adhabu, nayo ikawa inanoga. Kadiri Deiver alivyofichwa ndivyo mtu alivyotamani kumwona. Angeweza kuivuruga, aache midomo na sauti vikimbizane, lakini mikono ilikataa kabisa. Kazi mbovu hakuijua. Akajiambia sawa, acha inoge, itamuuma zaidi.

"Yura, natoka vizuri?" Deiver alimwuliza kila siku.

"Subiri utajionea."

"Nionyeshe basi kidogo tu."

"Haijaiva. Ukifunua chungu kila saa wali hauivi."

Deiver akacheka, akarudi kwenye mabango yake. Alikuwa ameshayabandika hadi kwenye nguzo za umeme za mtaa wa pili.

Siku ya maonyesho madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mifuko myeusi ya taka, shuka likatundikwa ukutani, na Nge akasimamishwa pembeni akinguruma pole pole. Yuranis alifika na kinyonyi, kile kidude kidogo cha kuhifadhia video, ukumbi ukiwa umeshafurika. Deiver akakipokonya mkononi mwake bila hata kumtazama, akapanda jukwaani, akamwendea Mzee Eligio. Na hapo akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma.

"Mzee wangu," akasema kwenye maikrofoni, sauti inatetemeka kwa raha, "wimbo huu na video yake nakupa wewe. Ni wa Nge peke yake. Piko jingine lisiuguse."

Watu wakapiga yowe. Mzee Eligio akasimama, akampa mkono mbele ya watu wote. Pwani ile mkono huo ni ahadi, haurudishwi. Mwimbaji anayeurudisha hapigwi tena na piko lolote, hata la msibani. Deiver alijua hivyo. Alichojua pia ni kwamba katika dakika chache mji mzima utaanza kuikariri sura yake.

Taa zikazimwa.

Mwanzoni alitabasamu, akidhani ni mbwembwe za kufungulia. Kisogo kikapita, viatu vikapita, kinda likaimba. Tabasamu likaanza kumganda. Nyuma mtu akapaza sauti, "Geuka wewe!" Mwingine akaitikia, "Geuka tukuone!" Punde ukumbi mzima ukaligeuza hilo kuwa mchezo; kila bega lilipoanza kuzunguka wote wakapiga kelele "Geukaaa!" na kila picha ilipohama wakagonga viti. Mwisho kabisa, juu ya paa, jua likiwa usoni kwake, Deiver akageuka kweli kweli. Yuranis alikuwa amekata hapo hapo. Giza. Kwisha.

Paa la ukumbi nusura ling'oke.

"Nani huyu anayeimba?" akauliza mama mmoja mbele.

"Mimi! Ni mimi!" Deiver akaruka.

"Nyamaza!" Mzee Eligio akamshika bega. Macho yake yalikuwa yamelowa kwa furaha. "Nani kakuuliza? Mwanangu, unajua ulichonipa? Ujana wangu wote nilikwangua majina kwenye sahani za santuri kwa wembe, ili mpinzani asijue nani kaimba. Leo naletewa sahani iliyokwishakwanguliwa! Mtu hana sura! Basi jina pia asiwe nalo. Mwimbaji simtaji, aliyetengeneza simtaji. Na zile salamu nazifunika, zisije zikatoboa siri."

"Lakini Mzee..."

"Umenipa mkono, hujanipa?"

Deiver akautazama mkono wake wa kulia.

Mabango yake yakabanduliwa. Mzee Eligio akaagiza mengine: kisogo kimoja chenye radi, na chini yake, NI NANI? NGE PEKE YAKE ANAJUA. Mahali pa salamu pakawekwa sauti nene inayonguruma "Ngeee! Ngeee!" Kinyozi akafunikwa, muuza barafu akafunikwa, na wote waliocheka siku ya mabango wakafunikwa pamoja na Tobi. Wakamkasirikia Deiver kana kwamba ni yeye aliyenguruma. Mtaani wimbo ukapata jina jipya, Kisogo, na kinyozi, ili kujifariji, akaanza kumchora radi kila kijana aliyekaa kwenye kiti chake. Kwa hiyo Deiver alipokuwa akigeuka kuwaonyesha watu ushahidi, walimwambia, "Ondoka hapa, hata mpwa wangu anayo." Wote ambao hawakuwepo ukumbini wakaamini mwimbaji ni kijana wa mji mwingine, wa Barranquilla.

Yuranis alikuwa akiyasikia hayo akiwa anamsaidia mama yake kukaanga, na kila arepa aliyoigeuza siku hizo ilitoka nzuri.

Jumapili moja asubuhi Deiver akaja pale kona. Alikuwa amekonda kidogo.

"Shikamoo, mama Edilsa."

"Marahaba, baba. Kaa, yai linaingia mafutani."

Hakukaa. Akamnyoshea Yuranis simu na visikilizi. "Sikiliza kwanza. Halafu unitukane."

Alikuwa amerekodi salamu upya. Yuranis akasikiliza. Ngoma ilidunda mara moja, kisha sauti ile nzuri, hakuna wa kuikana, ikapaa: "Yuraaanis Cassiani! Macho yangu, Yuranis!" Jina lilipanda juu ya mapigo likatulia kama limezaliwa hapo. Vinyweleo vilimsimama mikononi. Hata mama yake aliona.

"Nimekutaja mara mbili," Deiver akasema. "Nipe zile picha ulizozikata, zenye uso wangu. Nikirekodi upya watasema naiga. Tutazirusha mtandaoni wenyewe, kila mtu ajue: mimi nimeimba, wewe umehariri. Nge akiniacha na aniache."

"Mpe, mwanangu," mama Edilsa akanong'ona, kijiko kimesimama hewani. "Utatajwa."

Yuranis akaingia ndani, akatoka na laptopu, akaiweka kwenye benchi kati ya unga na jibini. "Njoo uone."

Akamwonyesha zote. Deiver sokoni, ameinua uso na anacheka. Deiver darajani, upepo unampuliza shati. Deiver juu ya paa anageuka, jua linamwosha, na ni kweli kwamba alikuwa mzuri, mama Edilsa mwenyewe alisema "Mungu wangu." Deiver hakuwa amewahi kujiona vile. Machozi yakamlengalenga.

"Umeona?" Yuranis akauliza.

"Nimeona, Yura. Asante. Kumbe ulikuwa..."

Yuranis akabonyeza, zikafutika. Akafungua pipa la takataka la laptopu, akabonyeza tena.

Deiver aliitazama skrini tupu, kisha akamtazama yeye, kisha skrini. "Na jina lako je?" akasema kwa sauti iliyokauka. "Sasa hata wewe hakuna atakayekujua. Umejifuta na wewe!"

"Najua."

Deiver akaondoka bila kuaga, akipiga teke vifuu vya nazi barabarani. Arepa ilikuwa imeungua. Mama Edilsa akaiopoa, akaitupa pembeni.

"Mara mbili, Yura. Alikutaja mara mbili."

"Nilisikia, mama."

"Na ulitaka. Nimeona ngozi ilivyokusisimka."

"Nilitaka sana," Yuranis akasema, akachukua donge jingine la unga. "Lakini nilitaka zaidi anione nakataa."